Daftari la Kugeuza Mayai

Kwa mtu aliyetumia miaka thelathini na minane kutia baridi katika makabati ya watu, kutia joto katika friji moja bovu si kazi ya kumtoa jasho. Nilichagua dogo jeupe lililokuwa limekaa karakanani kwangu miaka minne bila mwenyewe kulirudia. Niling'oa kompresa, nikatoboa matundu sita ya hewa, matatu chini na matatu juu, nikafunga balbu mbili za zamani, zile zenye waya ndani, kwa sababu hizi za kisasa zina mwanga mwingi na joto hazina, kama baadhi ya watu. Themostati niliitoa kwenye pasi. Chini niliweka sinia la maji ya kuleta unyevu, na mlangoni nikakata dirisha la kioo kubwa kama daftari. Kipimajoto kilipotulia kwenye nyuzi thelathini na saba na nusu siku mbili mfululizo, nilimwita mke wangu aje aone.

Alilizunguka friji, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo huyu ndiye kuku," alisema.

"Ndiye huyu."

"Hana hata unyoya. Na akikasirika atamdonoa nani?"

Mke wangu anawajua kuku. Tangu nimuoe haukupita mwaka bila kuku uani, na mtaa mzima walimwita Bibi Kuku, jina ambalo yeye aliliona ni cheo. Angeweza kushika yai kiganjani, akalipima uzito kidogo, akakwambia kama lina kitu ndani au ni maji matupu. Shule hakwenda. Mimi nilianza masomo ya jioni ya watu wazima nikiwa na miaka thelathini, nikasoma miaka sita, mikono bado inanuka grisi. Nikirudi nilimkuta amefunika chakula changu, anakaa karibu na taa na kuniuliza, "Leo kitabu kimesema nini?" Nilichomjibu alikichukua kama kilivyo. Alizoea kusema kwamba mdomo huteleza, lakini kilichoandikwa kimeshaandikwa. Nami, sitaficha, nilipenda kuulizwa.

Mwaka ule ugonjwa wa kideri ulipita ukafagia banda lote, kuku ishirini na mmoja kwa juma moja. Ndipo kusahau kwa mke wangu kulipoanza, au labda ndipo tulipoanza kukuona. Aliweka maharage jikoni akaenda kufua, na sufuria ikaungua mpaka ikawa nyeusi kama kiatu. Aliacha bomba wazi. Siku moja alitafuta kitambaa chake cha kichwa nyumba nzima, na kumbe amekifunga kichwani. Hilo la mwisho tulicheka wote, maana mimi miwani yangu huwa naitafuta hivyo hivyo.

Binti yetu hakucheka. Ni mtoto wetu wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku. Alikuja, akaigeuza ile sufuria mkononi, akatukalisha sebuleni kama wagonjwa wake.

"Baba, mama hawezi kukaa hapa tena. Wewe unashinda karakanani. Moto ukishika siku moja, nitaambiwa kwa simu?"

"Nikakae wapi?" mke wangu aliuliza.

"Kwangu, mama. Chumba kipo."

"Chumba hata hapa kipo. Mimi si kabati, mwanangu, la kusema lisogezwe pale halafu pale."

"Mama, sisemi hivyo."

"Umesema kwa upole, lakini ndicho ulichosema."

Nilimtazama mke wangu. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kanga. Katika miaka yote ya ndoa nilikuwa nimemwona akiogopa mara mbili tu, na hii ilikuwa ya tatu. Hapo ndipo nilipotoa shauri langu, na nililiona kuwa shauri la mtu mwenye akili. Nilisema apewe kazi ya kulea mayai katika mashine. Ni siku ishirini na moja, na siku kumi na nane kati ya hizo mayai hugeuzwa mara tatu kila siku bila kukosa. Anayeweza hilo anaweza kukaa kwake.

"Na akishindwa?" binti aliuliza.

"Akishindwa utakuja umchukue, nami sitasema neno."

Mke wangu alianza kucheka. "Mnanipa mtihani, uzee huu! Na nani atasahihisha?"

"Mimi," nilisema.

"Basi nimefaulu. Huyu hajawahi kuninyima alama."

Binti alikubali, ila kwa sharti moja. "Andika, baba. Kila siku, kila saa. Kwetu wodini, kisichoandikwa hakijafanyika."

Hakuhitaji kuniambia mara mbili. Nilinunua daftari jipya siku hiyo hiyo.

Mayai ishirini nilipewa na jirani yetu seremala, ambaye kuku wake walinusurika kwa kuwa, alivyodai mwenyewe, hata ugonjwa unaogopa kelele za msumeno. Kijitabu cha ufugaji nilikuwa nacho, kilichotolewa na bwana mifugo. Kilisema mayai yageuzwe mara tatu au mara tano kwa siku, na kwamba idadi iwe ile isiyogawanyika kwa mbili. Niliipigia sentensi hiyo mstari kwa penseli. Hesabu za namna hiyo tulizisoma mwaka wa pili wa masomo ya jioni, na nilifurahi kukutana nazo tena, kama mtu anayekutana na rafiki wa zamani sokoni.

Kila yai nililitia alama ya X upande mmoja na duara upande wa pili. Nilimwonyesha mke wangu: kila ukifika, geuza, upande uliokuwa chini uje juu.

Alishika yai moja akalitazama huku na huku. Alama za mwalimu alizijua kwa kuyaona madaftari ya binti yetu. "Huku nimekosa, huku nimepata sifuri. Mtihani gani huu usio na upande wa kupata?"

Kuanzia hapo nyumbani kwetu X ikaitwa kosa na duara likaitwa sifuri.

Yeye hakuhitaji kujua zaidi ya kugeuza. Mimi, msahihishaji, nilihitaji jedwali. Nilichora mistari kwa rula: asubuhi kosa juu, mchana sifuri juu, jioni kosa juu. Siku zote kumi na nane zikapangika pale zikifanana kama matofali, na pembeni nikaacha nafasi ya kuandika. Lilikuwa jedwali zuri. Seremala alipoliona alisema, "Profesa, hili utundike ukutani," nami sikumkatalia.

Tuliyaweka mayai Jumatatu saa moja asubuhi, kosa juu. Saa saba mchana aligeuza, ikawa sifuri. Saa kumi na mbili jioni aligeuza, ikawa kosa. Nilipita nyuma yake kila mara, yeye akiwa ameshaondoka, nikachungulia, nikaandika: amegeuza, amegeuza.

Jumanne asubuhi nilisikia mlango wa friji ukifunguliwa na kufungwa, kisha ufagio uani. Nikaenda. Mayai yote ishirini yalikuwa sifuri juu. Nikafungua daftari. Daftari lilitaka kosa.

Nilisimama pale nikauma ncha ya penseli. Labda alifungua akasahau alichofuata, au aligeuza, akasahau kwamba amegeuza, akageuza tena. Sikupoteza muda kufikiri. Niliyarudisha yote, moja moja, kosa juu, nikaandika: asubuhi, amesahau.

Mchana ilikuwa sawa, na jioni pia. Jumatano asubuhi, sifuri tena. Alhamisi asubuhi, sifuri tena. Binti alipopiga simu nilimwambia kwamba mchana na jioni mama yake hana tatizo, ila asubuhi.

"Ndivyo walivyo, baba," alisema, na sauti yake ikashuka. "Kila mmoja huwa na saa yake mbaya."

Basi nikajua saa yake mbaya ni ipi.

Sikumwambia mke wangu. Niliona ni ukatili kumwambia mtu kila siku kwamba ameanguka. Nilinyamaza, nikawa narekebisha kimyakimya, nikajihesabu kuwa mume mwema. Kitu kimoja sikukifikiria, kwamba yeye pia ana macho. Siku ya sita, saa saba mchana, nilimkuta amepiga magoti mbele ya friji, mlango uko wazi, joto linatoka, naye hagusi kitu.

"Funga, mama, watapoa."

"Hivi asubuhi niligeuza?" aliuliza.

"Uligeuza."

"Una hakika?"

"Nilikuona kwa macho yangu."

Alitazama mayai, akanitazama mimi, akayatazama tena. Nilimwambia hivyo kwa huruma. Niliamini moyoni kwamba nasema uongo. Akageuza yote, taratibu, akafunga, akakaa kitako palepale sakafuni.

"Haya," alisema. "Kama umeniona, basi."

Tangu hapo aliniuliza karibu kila mchana, nami nilimjibu vilevile kila mchana. Uligeuza, mama. Uligeuza.

Kulikuwa na siku njema pia, nisiseme uongo. Siku ya saba tuliyapima kwa tochi. Tulifunga mapazia mchana kweupe, tukajifunika shuka moja kama watoto, yeye akashika yai na mimi tochi. Ndani mlikuwa na doa dogo jeusi na mishipa myembamba myekundu imetambaa pande zote, na lile doa likaruka.

"Huyo!" alinong'ona. "Miaka hamsini nawafuga, sijawahi kumwona mtu akiwa bado kwake."

Matatu yalikuwa matupu, tukayatoa. Yakabaki kumi na saba. Kila moja aliliambia neno kabla ya kulirudisha, kwa sauti ambayo sikuisikia tangu binti yetu alipokuwa wa kubebwa. Umeme ulipokatika siku ya kumi na moja, ni yeye aliyekumbuka chupa za maji ya moto, akazifunga kwa taulo na kuzipanga humo ndani kabla mimi sijavaa viatu. Hilo sikuliandika. Jedwali halikuwa na nafasi yake.

Siku ya kumi na nane ilipokwisha, kijitabu kilisema tuache kugeuza, mlango usifunguliwe tena. Siku ya ishirini, asubuhi, alibandika sikio kwenye kioo akaniita kwa mkono. Kilio chembamba, kama bawaba inayotaka mafuta. Alasiri yai la kwanza lilitoboka, jioni akatoka mmoja, amelowa na mbaya kama dhambi. Hadi kesho yake mchana walikuwa wametoka sita. Waliobaki hawakusema kitu. Tulisubiri siku nyingine nzima, mke wangu amekaa kwenye kigoda mbele ya kioo, chai yake imeganda utando.

Seremala alikuja tukayafungua yale mayai kumi na moja juu ya gazeti uani. Vifaranga walikuwa kamili, wana manyoya, wana kucha, wamekufa. Wengi wamegandamana na ganda upande mmoja, wengine kichwa kimekaa pasipo pake. Nilikuwa na kijitabu mkononi, na kijitabu kilikuwa na maelezo: kifaranga kugandamana na ganda, sababu, kutogeuzwa ipasavyo.

Mke wangu hakuweza kusoma kile kijitabu, lakini aliusoma uso wangu.

"Ni mimi," alisema.

"Labda ni mashine, shemeji," seremala alisema haraka. "Friji ni friji tu, huwezi kuli—"

"Mashine haikuambiwa igeuze. Niliambiwa mimi."

Aliwakusanya wote kumi na mmoja kwenye pindo la kanga akaenda nao nyuma ya banda, na hakutaka nimsaidie kuchimba.

Binti alifika kesho yake, kama tulivyopatana. Aliwaona wale sita kwenye boksi lao la maranda ya seremala, chini ya balbu, akawasifu. Kisha akauliza wengine. Nilimkabidhi daftari. Ningeweza kusema limepotea, lakini mimi si mtu wa hivyo, na nilikuwa nimetoa ahadi. Tena, nikubali yote, daftari lilikuwa limeandikwa vizuri, bila kufutwafutwa.

Alisoma amesimama. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, kidole kikishuka kwenye safu ya asubuhi. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Alipofika mwisho alikaa chini, akaweka mkono mdomoni.

"Imeandikwa nini?" mke wangu aliuliza.

"Mama, si kitu."

"Nisomee. Nina haki ya kujua alama zangu."

Binti alinitazama. Mimi nilitazama dirisha. Akamsomea, kwa sauti ya wodini, isiyopanda wala kushuka. Jumanne asubuhi, amesahau. Jumatano asubuhi, amesahau. Alhamisi asubuhi, amesahau. Alisoma zote kumi na saba, kwa sababu mama yake kila alipotaka kunyamaza alimwambia, "Endelea."

Ilipokwisha, mke wangu hakumgeukia binti. Alinigeukia mimi.

"Ulikuwa unaniambia nimegeuza."

Nilivua miwani.

"Kila siku nilikuuliza. Kila siku uliniambia nimegeuza."

"Sikutaka uumie, mama."

"Aa." Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia. "Basi nimekuwa mtoto, na mimi sikuambiwa."

Hakubishana tena. Alifunga nguo zake mwenyewe, chache, akaniachia maagizo ya vifaranga mlangoni, mfuko uko mkononi: niwachovye midomo kwenye maji mmoja mmoja wajifunze kunywa, wakijibana rundo chini ya balbu wana baridi, niishushe, wakikimbilia pembeni na kuhema wana joto, niipandishe, wakitapakaa wote wakilalalala ovyo, niwaache, wako sawa. Hakusahau hata moja. Nilitamani binti asikie, lakini alikuwa ameshatangulia nje.

Wale sita wakaishi. Nyumba yenye mtu mmoja ina sauti nyingi usizozijua, na nilifurahi kwamba mojawapo ilikuwa yao. Baada ya wiki tano walikuwa wameota mabawa, nikawahamishia bandani, na boksi tupu sikuweza kulitazama. Nilimwomba seremala mayai mengine. Nilijiambia kwamba safari hii nitageuza mwenyewe, watoke wote, nimpelekee mke wangu habari kwamba mashine ni nzima. Kwa nini niliona habari hiyo itamfurahisha, sijui. Ningekuwa namthibitishia kosa lake.

Nilitumia jedwali lilelile, kwenye ukurasa mpya. Asubuhi ya kwanza niliweka mayai kosa juu. Mchana nikageuza, sifuri. Jioni nikageuza, kosa. Nikalala.

Asubuhi ya pili nilinawa mikono, nikafungua mlango, nikanyoosha mkono nigeuze. Mayai yalikuwa kosa juu, kama nilivyoyaacha. Nikatazama daftari nijue niyaweke upande gani. Daftari lilitaka kosa.

Mkono ulibaki hewani.

Nilidhani nimekosea jana. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto. Asubuhi kosa, mchana sifuri, jioni kosa. Ukigeuza tena asubuhi, ni sifuri. Lazima iwe sifuri. Mwenye kugeuza mara tatu hawezi kuamkia upande uleule kila siku. Siku moja ataanza na kosa, ya pili na sifuri, ya tatu na kosa. Jedwali langu zuri, lenye siku zinazofanana kama matofali, lilimtaka mtu asigeuze kabisa asubuhi. Na yeye alikuwa anageuza. Aligeuza Jumanne, akageuza Jumatano, akageuza asubuhi zote kumi na saba bila kukosa hata moja, nami nikaja nyuma yake nikarudisha. Wale vifaranga walilala upande mmoja tangu jioni hadi mchana wa pili, kila siku ya maisha yao, kwa mkono wangu.

Nilichukua kijitabu. Chini ya ile sentensi niliyoipigia mstari kulikuwa na nyingine, fupi: idadi hiyo husaidia mayai yasilale usiku kwa upande uleule siku zote. Nilikuwa nimeiona sentensi ninayoijua, nikaishia hapo.

Sikumaliza kufunga mlango wa friji vizuri. Nilivaa koti, nikachukua daftari, nikaenda kituoni.

Binti anakaa ghorofa ya pili, vyumba viwili, safi kama zahanati. Mke wangu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alikuwa amenenepa kidogo na amependeza, nywele zimesukwa, mikono imewekwa juu ya mapaja, kiganja kimoja juu ya kingine. Sijawahi kuiona mikono ile ikiwa haina kitu.

"Fundi," alisema, na uso wake ukafunguka. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Umewaacha na nani watoto?"

"Wako bandani. Seremala anawatazama. Mama, sikiliza. Wewe hukusahau."

Binti alitoka jikoni akifuta mikono. Nilifungua daftari mezani, nikawaeleza. Nilichukua kikombe cha plastiki nikakilaza, nikakigeuza: asubuhi, mchana, jioni, asubuhi. Nilieleza mara ya pili, polepole zaidi. Binti ni mtu wa vipimo. Kufika kati ya maelezo ya pili alikuwa ameshaelewa. Alivuta daftari, akaitazama ile safu ya asubuhi, akainamisha kichwa chake mpaka paji likagusa meza.

"Baba," alisema akiwa hivyo hivyo. "Nililisoma lote. Nilihesabu. Sikuona."

"Mimi ndiye niliyelichora."

Mke wangu alikuwa anatusikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza wageni wakizungumza mambo ya kwao.

"Umeelewa, mama?" nilimwuliza. "Uligeuza. Kila asubuhi, uligeuza."

Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la huruma, na alikuwa ananihurumia mimi.

"Hata wakati ule ulisema hivyo hivyo," alisema.

"Wakati ule nilidhani nakudanganya! Sasa ndiyo kweli."

"Neno ni lilelile, Fundi."

"Mama, ni kweli," binti alisema, machozi yakimtoka wazi sasa. "Baba alikosea jedwali. Nimeona mwenyewe."

"Na wewe umeanza?" Alimpapasa mkono. "Mko wema sana, wote wawili. Lakini wewe ndiye uliyenisomea. Imeandikwa nimesahau. Baba yako haandiki asichokiona."

Nilitoa penseli. Nikasema nitafuta, yote kumi na saba, mbele yake. Akaniwekea mkono juu ya daftari, si kwa nguvu.

"Usilichafue. Limeandikwa vizuri."

Nikamwambia basi twende nyumbani, hata leo, kuna kuku sita wanaomngoja na mayai kwenye mashine, na sitaandika kitu tena. Binti akasema ndiyo, mama, ukitaka nenda, nitakusindikiza mwenyewe. Mke wangu alitazama nje ya dirisha. Vidole vilianza kukunja pindo la kanga, kukunja na kukunjua.

"Nikiunguza nyumba?" alisema. "Nikiwaua na hao sita? Hapa nikitaka kufanya kitu nauliza kwanza. Ni vizuri. Sikosei."

Binti alileta chai, kwa kuwa hatukujua la kufanya. Mimi nilimaliza kikombe changu. Mke wangu alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, kimejaa, mvuke unapanda usoni mwake. Akamgeukia binti yetu akamwuliza, kwa sauti ya chini ili mimi nisisikie, kama yeye mwenyewe chai yake ameshakunywa.